Binti Zetu na Kazi ya Ukurugenzi

Hotuba ya Mwenyekiti katika sherehe ya kutimiza miaka kumi ya kikundi chetu cha kuweka na kukopa, Muheza, 2025

Ndugu Mgeni Rasmi, Afisa Maendeleo ya Jamii;
Ndugu Mtendaji wa Kata;
Viongozi wetu wa dini;
Wajumbe kutoka vikundi jirani;
Wanachama wenzangu, waume zetu mliofika, na ninyi watoto wetu;

 

Awali ya yote napenda kumshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha siku hii ya leo tukiwa wazima. Wapo wenzetu wawili tulioanza nao mwaka 2015 ambao wametangulia mbele ya haki. Naomba tusimame kidogo tuwakumbuke. Ahsanteni, tukae.

Pili, nawashukuru kamati ya maandalizi kwa kunipa nafasi hii. Waliniambia, "Mama Mwenyekiti, historia ya kikundi ataisoma Katibu, mahesabu atayasoma Mweka Hazina, wewe utuzungumzie uongozi, maana unaondoka." Ni kweli naondoka. Katiba yetu inasema mwenyekiti atakaa miaka mitano, akichaguliwa tena miaka mitano mingine, basi. Yangu imekwisha na nashukuru imekwisha salama.

Sasa mimi nimeona nisizungumzie uongozi kwa jumla, maana hotuba za uongozi kwa jumla tumezisikia nyingi na watu husinzia. Nitazungumzia jambo moja. Nitazungumzia binti zetu wanaotaka uongozi uwe ndiyo kazi yao ya kula, yaani kuajiriwa umeneja au ukurugenzi wa taasisi, na njia ya kufika huko. Nimelichagua kwa sababu mwezi Desemba tuna mkutano mkuu, na ajenda ya tatu ya mkutano huo kila mwanachama anaijua.

Kwa faida ya wageni nitaeleza. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 ilitupanga kwa madaraja. Sisi vikundi vya kijamii tuko daraja la nne. Tunasajiliwa kupitia halmashauri, na kanuni za mwaka 2019 zinatutaka tusipungue watu kumi wala tusizidi hamsini. Sisi tulianza 19 chini ya mwembe, na leo tuko 47. Akina mama wanaogonga mlango kutaka kuingia ni wengi kuliko nafasi tatu zilizobaki. Tukitaka kukua inabidi tuingie daraja la tatu, tuwe SACCOS, chama cha ushirika chenye leseni ya Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Na SACCOS inataka meneja, mtu wa kukaa ofisini kila siku kwa mshahara.

Basi hapo ndipo maneno yalipoanza. Meneja atoke wapi? Wapo wanaosema tutangaze kazi, aje mtu mwenye digrii kutoka Tanga mjini au Dar es Salaam. Wapo wanaosema tunaye wetu, Katibu Msaidizi, binti wa miaka 27 mwenye kidato cha nne, aliyeandika daftari zetu miaka sita bila kukosea. Na wapo wanaosema, tena nimewasikia kwa masikio yangu, "Yule mtoto tumemlea wenyewe, leo aje atusimamie?" Mimi maoni yangu nitayasema mwishoni. Kwanza tuelewane kazi yenyewe ni kazi gani.

MKURUGENZI NI NANI

Wengi wetu tukisikia mkurugenzi tunaona gari, kiyoyozi na kiti kinachozunguka. Hivyo ni vyombo tu. Tuchukue mfano wa basi linalotoka hapa Muheza kwenda Moshi. Wenye basi ndio wanaoamua liende Moshi, nauli iwe kiasi gani, na mwisho wa mwaka wanaulizana limeingiza nini. Dereva ndiye anayelifikisha. Anajua mafuta yaliyomo, anajua kona za Mombo, anajua abiria wangapi wanashuka Same. Hana ruhusa ya kuliuza lile basi. Na wenye basi nao, pamoja na kuwa mali ni yao, hawawezi kumnyang'anya usukani pale Segera eti kwa sababu mmoja wao amekumbuka ana shangazi kwingine.

Katika SACCOS wenye basi ni mkutano mkuu, yaani sisi wanachama wote. Tunachagua bodi ituangalizie, tunachagua kamati ya usimamizi iikague hata hiyo bodi, na kuna kamati ya mikopo. Meneja anaajiriwa na bodi. Katika asasi kubwa mtu huyohuyo anaitwa mkurugenzi, au mkurugenzi mtendaji, lakini kazi ni ileile. Anaandaa mpango wa mwaka na bajeti. Anasimamia wafanyakazi. Anapeleka taarifa kwenye bodi kwa maandishi. Anakwenda benki, anakwenda halmashauri, anawapokea wakaguzi wa COASCO. Na likiharibika jambo, hata kama limeharibiwa na mlinzi wa usiku, anayeulizwa ni yeye.

Mtu asiyependa kuulizwa asiitafute kazi hii. Nawaambia binti zetu mapema.

WALIOTANGULIA WALIANZIA WAPI

Watu wanadhani wakubwa walianza wakiwa wakubwa. Hebu tuwatazame wachache.

Bibi Titi Mohamed alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926 na alisoma shule ya msingi miaka michache tu. Alikuwa mwimbaji kiongozi katika kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba. Mwaka 1955 TANU ilipotaka wanawake waingie chamani, yeye ndiye aliyeongoza sehemu ya wanawake, na njia aliyotumia ni vikundi vilevile vya ngoma. Alijua kila kikundi kina kiongozi, na kiongozi akikubali, kikundi kizima kinafuata. Maelfu ya wanawake waliingia. Ilipoundwa UWT mwaka 1962 akawa Mwenyekiti wake wa kwanza. Kuita watu, kuwapanga, kuwapa zamu, kumnyamazisha mgomvi bila kumfukuza, haya alikuwa akiyafanya tangu kwenye ngoma.

Mama Gertrude Mongella wa Ukerewe alikuwa mwalimu, alifundisha Chuo cha Ualimu Chang'ombe. Mwaka 1995 ndiye aliyekuwa Katibu Mkuu wa Mkutano wa Nne wa Dunia wa Wanawake kule Beijing, na mwaka 2004 akawa Rais wa kwanza wa Bunge la Afrika. Sisi tuliokuwa wasichana wakati ule tunakumbuka jinsi neno Beijing lilivyozagaa hadi kwenye khanga na kwenye ugomvi wa nyumbani.

Samia Suluhu Hassan aliajiriwa serikalini Zanzibar mwaka 1977 akiwa karani. Alikwenda kusomea utawala Mzumbe miaka ya 1980 akiwa tayari ni mfanyakazi. Baadaye, kabla ya kuingia katika siasa mwaka 2000, alikuwa Mkurugenzi Mtendaji wa ANGOZA, chombo mwamvuli cha asasi zisizo za kiserikali za Zanzibar. Urais aliushika mwaka 2021. Watu wanautaja sana urais, mimi leo nataja ukarani na ule ukurugenzi wa katikati.

Na mwaka 2020 Benki ya NMB ilimpata Ruth Zaipuna kuwa Afisa Mtendaji Mkuu. Yeye ni mhasibu. Kabla ya hapo alikuwa mkuu wa fedha wa benki hiyohiyo.

Ngoma, chaki, faili na mahesabu. Kila mmoja alishika kazi ndogo, akaijua vizuri, kisha akapewa iliyo juu yake.

NGAZI ZILIZOMO HUMU KIKUNDINI

Sasa binti wa Muheza atauliza, "Mimi ngazi yangu ya kwanza iko wapi?" Namjibu kwamba iko humu. Utaratibu huu tunaoutumia wa hisa, sanduku na mfuko wa jamii ulianzia nchini Niger mwaka 1991, katika akina mama wa vijijini wa Maradi wakisaidiwa na shirika la CARE. Wengi wao walikuwa hawajui kusoma. Ukiutazama vizuri, mambo ya taasisi kubwa yamo mle. Sanduku lina kufuli tatu na funguo zinakaa kwa watu watatu tofauti, ili asiwepo mtu mmoja wa kulifungua peke yake. Kwenye mabenki nako hakuna hundi kubwa inayotoka kwa saini moja. Wahesabu fedha wetu ni wawili na wanahesabu mbele ya watu wote. Huo nao ni ukaguzi.

Kwa hiyo ngazi ziko nne, nitazitaja.

Ngazi ya kwanza ni daftari. Anayetaka kuongoza taasisi ajue kusoma mahesabu kwa macho yake mwenyewe, asisubiri kusomewa. Ajue tofauti ya fedha iliyopo mkononi na fedha inayodaiwa nje. Nitatoa mfano. Mwaka 2020, korona ilipoingia, biashara zililala. Machungwa yalioza, wanunuzi hawakuja. Siku moja wanachama wakaja juu: tuvunje sanduku, kila mtu achukue chake aende. Zilipigwa kelele, mimi kengele yangu haikusikika. Katibu Msaidizi, wakati ule ana miaka 22, alibandika karatasi ya manila ukutani akaandika kwa kalamu nene: akiba zetu zote shilingi milioni 10, fedha iliyomo sandukuni shilingi milioni 1 na laki 8, zilizobaki ziko kwenye mikopo kwa sisi wenyewe. Halafu akasema kwa sauti ndogo tu, "Tukivunja leo, katika kila shilingi 1,000 uliyoweka utaondoka na shilingi 180. Inayobaki mtadaiana barabarani." Kimya kilichoingia pale mnakikumbuka. Tukakubaliana kuongeza miezi mitatu ya marejesho bila faini, na kikundi kikapona. Yule binti hakuwa na cheo cha kuamuru mtu. Alikuwa na hesabu iliyo sahihi, na aliitoa wakati inatakiwa.

Ngazi ya pili ni mkutano. Kuandaa ajenda, kuhesabu akidi, kuandika muhtasari ambao hata aliyekosa mkutano akiusoma ataelewa nini kiliamuliwa na nani atatekeleza lini. Kumpa nafasi asiyezoea kusema, na kumkatisha kwa heshima yule anayesema kila mara. Mikutano yetu ya kwanza ilikuwa ya saa nne, watoto wanalia, jua linazama. Siku hizi saa moja na nusu tumemaliza. Wakati wa watu ni mali yao, na mkurugenzi anayepoteza wakati wa wafanyakazi hana tofauti na mweka hazina anayepoteza noti.

Ngazi ya tatu ni kusema hapana. Hapa ndipo wengi wanapokwama. Wifi yako anakuja usiku kuomba mkopo kabla ya zamu. Shoga yako anataka faini yake ifutwe kimyakimya. Ukimkubalia mmoja, kesho huna la kumwambia wa pili. Katika taasisi wanaliita mgongano wa maslahi, na dawa yake ni ileile iliyomo katika katiba yetu: ombi la ndugu yako likija, wewe unatoka nje, wengine wanaamua. Kwa kuwa jambo limeandikwa, hata wifi hawezi kununa sana. Atanuna wiki moja.

Ngazi ya nne ni kuandika na kusimama mbele ya wakubwa. Tulipokwenda katika taasisi moja ya fedha kuomba mkopo wa kununua mashine ya kukamua juisi, sitaitaja jina, afisa alitutazama, akatazama nyuma yetu, akauliza, "Kiongozi wenu yuko wapi?" Tulikuwa watatu, Mwenyekiti, Mweka Hazina na Katibu Msaidizi, wote tumesimama mbele yake. Nilimwambia ndio sisi. Akaanza kuuliza maswali haraka haraka kama anatufukuza: marejesho yaliyochelewa ni asilimia ngapi, mkopo mkubwa kuliko yote ni kiasi gani, nani anakagua. Katibu Msaidizi alimjibu yote bila kufungua daftari, kisha akalifungua akamwonyesha. Mara ya pili tulipokwenda, afisa yuleyule alituvutia viti. Mkopo huo tulipata na tumekwishaumaliza.

Binti zangu, haya mkiyafanya miaka mitano humu kikundini yaandikeni. Mnapoomba kazi mnaandika kwenye wasifu, "Sina uzoefu." Jamani! Andika: Katibu Msaidizi wa kikundi cha wanachama 47, nimetunza vitabu vya fedha miaka sita, nimeandaa mihtasari, nimesimamia mkopo uliolipwa wote. Huo ni uzoefu wa kazi na una mashahidi.

ELIMU NA VYETI

Pamoja na hayo nisiwadanganye. Uzoefu peke yake siku hizi haufiki mbali. Mimi nilimaliza darasa la saba mwaka 1984, na darasa langu hilo limeniwezesha kuongoza kikundi miaka kumi. Lakini nafasi ya mkurugenzi ikitangazwa leo, mstari wa kwanza unataka cheti, na mara nyingi digrii. Wakati wa Bibi Titi mlango ulikuwa mwingine. Wa leo unafunguliwa na uzoefu na karatasi, vyote viwili.

Kwa hiyo kila mmoja aanzie alipoachia. Aliyeishia darasa la saba anaweza kusoma elimu ya watu wazima na kufanya Mtihani wa Maarifa, ule wa QT, ndipo aendelee na kidato cha nne. Aliyekatishwa shule kwa ujauzito, tangu Novemba 2021 serikali iliruhusu arudi katika shule ya kawaida. Kwa hiyo mzazi asiyemrudisha bintiye leo asiseme amezuiwa na serikali. Aliyemaliza kidato cha nne na ana ufaulu anaweza kuomba cheti. Kule Moshi kipo chuo kilichoanza mwaka 1963 kikiitwa Chuo cha Ushirika, na tangu 2014 ni Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi. Wanafundisha ushirika, uhasibu na usimamizi wa huduma ndogo za fedha, kuanzia ngazi ya cheti, stashahada hadi digrii. Ni safari ya basi moja kutoka Segera.

Na mkishaajiriwa msikimbilie kiti. Pitia uhasibu, pitia mikopo, pitia kazi ya kwenda vijijini kukagua vikundi kwa miguu. Mkurugenzi ambaye hajawahi kukaa dirishani na mteja aliyekasirika, wafanyakazi wake watamdanganya asubuhi na jioni. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Jambo jingine, tafuta mtu mmoja aliyetangulia, umuulize. Mama meneja, mama mhasibu, hata mzee mstaafu wa ushirika. Muombe akusomee barua yako kabla hujaipeleka. Akikukosoa usilie. Bora akukosoe yeye sebuleni kwake kuliko kukosolewa na jopo la watu watano kwenye usaili.

NYUMBANI

Hapa waume zetu mnisikilize kwa wema.

Binti akiwa meneja atachelewa kurudi mwisho wa mwezi, maana ndipo vitabu vinafungwa. Atasafiri kwenda semina. Atapigiwa simu na wanaume, wajumbe wa bodi na maafisa. Ndoa nyingine zimeshindwa hapo, na mabinti wengine wazuri wameacha kazi hapo wala si kwa kukosa akili. Dawa ni kuzungumza mapema, kabla barua ya ajira haijaja. Nani atampokea mtoto shuleni? Nani atapika siku ya kufunga vitabu? Mimi mume wangu katika miaka hii kumi alikuwa akinipasulia kuni kila Alhamisi, siku ya mkutano wetu, na majirani walimcheka. Leo wale waliomcheka wake zao ni wanachama, na kuni wanapasua.

Nanyi mama wakwe, tena nami nimo, tusimsubiri mkaamwana mlangoni na saa mkononi. Tukikubali kushika wajukuu siku mbili za mwisho wa mwezi, tumempa cheo ambacho hakuna ofisi inayoweza kumpa.

MSHAHARA

Liko jambo watu wanaona haya kulitaja, mimi nitalitaja. Mwanamke akifanya kazi ya jamii watu hutaka afanye kwa sadaka. Tunampa makofi na kipande cha sabuni. Sisi viongozi wa kikundi tumejitolea, na ni sawa, kwa sababu tunakutana mara moja kwa wiki na kila mmoja ana genge lake. Lakini anayekaa ofisini siku sita na kubeba dhamana ya fedha za watu lazima alipwe mshahara unaotosha, ulioandikwa kwenye mkataba. Tukimlipa kidogo tukasema "ni binti yetu, atavumilia", tunamweka katika majaribu karibu na sanduku letu wenyewe. Kamba hukatikia pabovu. Na binti akiulizwa kwenye usaili anataka kiasi gani, asitazame chini na kusema "mtakachonipa". Awe amekwishauliza wenzake wa kazi kama hiyo wanalipwa nini, aseme kiasi chake, atulie.

MAONI YANGU KUHUSU AJENDA YA TATU

Sasa nimefika mahali nilipowaahidi.

Wanaotaka mtu mwenye digrii wana hoja. Fedha za watu 47, na kesho watu 200, hazishikwi kwa mapenzi. Wanaomtaka Katibu Msaidizi nao wana hoja. Anatujua, anajua nani analipa kwa wakati na nani anaumwa kila tarehe ya marejesho. Hoja nisiyoikubali ni ile ya kwamba tumemlea hivyo hawezi kutusimamia. Tunawalea watoto wasimame juu ya mabega yetu. Akikaa kitini atatudai marejesho yetu, na sisi tutampa, na heshima ya mama na mwana itabaki palepale.

Pendekezo langu ni hili, nanyi mtalipima Desemba.

Kwanza, tukikubali kuwa SACCOS, bodi itangaze nafasi ya meneja kwa uwazi, na Katibu Msaidizi aombe kama wengine, afanye usaili kama wengine. Asipewe kwa kuonewa huruma wala asinyimwe kwa kuonewa wivu. Nimemwambia hivyo mbele ya mama yake.

Pili, akipatikana mwingine mwenye sifa zaidi, mkataba wa huyo uwe wa miaka miwili, na ndani ya mkataba iandikwe kwamba mojawapo ya kazi zake ni kumfundisha msaidizi kutoka miongoni mwetu, na bodi impime kwa hilo.

Tatu, kutoka katika faida yetu ya mwaka huu tutenge fungu la kusomesha binti wawili ngazi ya cheti huko Moshi. Nasema wawili. Mmoja akiugua, akiolewa mbali au akipata kazi penginepo, tunabaki na wa pili. Masharti yaandikwe: akimaliza atatutumikia miaka mitatu kwa mshahara, au arudishe nusu ya ada.

Najua swali linalokuja, maana nimeulizwa sokoni, njiani, hadi msibani. "Mama Mwenyekiti, tukimsomesha si atatuacha?" Huenda akatuacha. Miaka mitatu ikiisha anaweza kwenda kuwa mkurugenzi wa shirika la watu Arusha au Dodoma, na sisi tutaona jina lake kwenye gazeti. Mtanisamehe, mimi hilo halinitishi. Linalonitisha ni kumsomesha asiye na mtu na kumnyima wetu, halafu tukae miaka kumi mingine tukiulizwa na maafisa kiongozi wetu yuko wapi.

Upande wangu mimi, sitagombea ujumbe wa bodi. Wameniomba, nimewashukuru. Mtu aliyeshika kengele miaka kumi akihamia kiti cha pili tu, kengele bado anaishika yeye. Nitakaa na wanachama wa kawaida, nitanunua hisa zangu tano kila Alhamisi, na nikichelewa mnitoze faini. Funguo nilizokuwa nazo nimeshazikabidhi kwa Mweka Hazina kwa maandishi, nakala anayo Katibu.

Ndugu Mgeni Rasmi, ombi letu kwako ni moja. Utusaidie kumpata mtaalamu wa ushirika wa wilaya aje atufundishe taratibu za SACCOS kabla ya mkutano wa Desemba, ili wanachama wapige kura wakijua wanachopigia.

Na wewe binti uliyekaa pale nyuma na mtoto mgongoni, na wewe uliyevaa sare ya shule, baada ya chakula daftari za kikundi za miaka yote kumi zitakuwa mezani pale chini ya turubai. Katibu Msaidizi atakuwepo. Njooni mzifungue, mumuulize kila safu maana yake nini.